Aliyeng'ata Mkate wa Gobnait

Nilikuwepo. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanikatiza katikati kuniuliza nimeyajuaje. Mkate wenyewe niliupeleka mimi, kwa gari langu la farasi, kila siku isipokuwa Jumapili, ukiwa bado unafuka moshi, na mlango wa jiko la jela ile ulikuwa ukifunguliwa kwangu kabla haujafunguliwa kwa mkuu wa jela mwenyewe. Milango ina matundu, kuta zina nyufa, na macho yangu mimi ni ya wanaume watatu. Aliyekusimulia vingine alikuwa kitandani kwake amejifunika gubigubi. Mji siutaji, maana baadhi ya wahusika bado napishana nao sokoni.

Mambo yalianza kidogo sana.

Ilikuwa siku ya sita ya mgomo wa njaa, mwezi wa Novemba, mwaka ule ambao vita vya ndugu kwa ndugu vilikuwa vimekwisha Ireland nzima lakini jela zilikuwa bado zimejaa. Gobnait Cremin, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka milima ya Kerry, alikuwa amejilaza akitazama dari. Alipogeuza shingo aliona kwamba kipande cha mkate kilichowekwa juu ya kigoda, karibu na ukuta, kimepungua. Hakikupungua sana. Tonge moja tu, pembeni. Aliinuka taratibu, maana tumbo tupu la siku sita halitaki haraka, akakisogelea bila kukigusa. Pale palipong'atwa hapakuwa na alama ya meno. Palikuwa na unyevunyevu, na ukingo wa unyevu ule ulikuwa wa kijani, kama umepitiwa na kinywa kilichokuwa kikitafuna majani.

Akamwita mwenzake aje aone panya wa huku.

Mwenzake huyo, Lil Geraghty, alikuwa msichana wa mjini, mpaki biskuti kiwandani kabla hajafungwa, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Aliinama, akatazama, akasema panya huyo ni fukara kweli, jino hana, na kama amekuja kuvunja mgomo basi apewe fomu asaini aende kwao. Fomu hiyo ndiyo ilikuwa utani wao wa kila siku: mfungwa yeyote aliyeweka saini kwamba hatapinga tena serikali mpya alifunguliwa lango siku hiyohiyo. Katika wanawake themanini hakuna aliyekuwa amesaini.

Wakacheka, kicheko cha watu wanaobana matumizi ya pumzi. Kisha Lil akamtazama Gobnait midomoni. Mara moja tu, haraka, akageuza macho. Gobnait aliliona jicho lile.

Nyumba ile haikujengwa iwe jela. Ilikuwa nyumba ya mafukara, ya enzi za Njaa Kuu, viazi vilipokuwa vikiozea ardhini mwaka baada ya mwaka, watu wakaingia mle kwa mamia kutafuta uji, wakatolewa kwa mkokoteni. Shimo walilozikwa kila mtu mjini alijua liko wapi. Upande ule wa ukuta hakuna aliyethubutu kufunga hata mbuzi. Sasa waliwekwa mle wanawake wa upande ulioshindwa, waliobeba barua ndani ya nywele na risasi ndani ya pindo za sketi. Mwishoni mwa Oktoba wakubwa wa jela walikata barua zote, za kuingia na za kutoka. Mama hajui kama mwanawe yu hai, mke hajui mume yuko jela gani. Ndipo wanawake wakagoma kula.

Masharti ya mgomo aliyatoa Kamanda wao, Eithne Dowdall, mwalimu wa hesabu, mfungwa kama wao. Wanywe maji na chumvi kidogo. Chakula kitaletwa mara tatu kwa siku ili kiwatie tamaa. Kikae palepale kilipowekwa. Hakiliwi, hakinuswi, hakiguswi hata kwa ncha ya kidole. Mkono mmoja ukigusa mkate, mgomo umevunjika kwa wote, kwa sababu wakubwa wanamngoja mmoja tu ili watangaze magazetini kwamba akina mama hawa wanakula kwa siri.

Kwa wengine hayo yalikuwa masharti. Kwa Gobnait yalikuwa zaidi ya hapo. Kwao, mtu yeyote wa ukoo wa Cremin huitwa "mtu wa supu", tangu kabla baba yake hajazaliwa. Wakati wa Njaa Kuu bibi yake, akiwa ameshazika watoto watatu kati ya watano, alikwenda nyumbani kwa mchungaji wa kanisa la Waingereza, walikogawa supu kwa aliyekubali kusali kwao. Aliinywa supu ile wiki mbili, akarudi kanisani kwake kwa magoti, na wale watoto wawili wakaishi. Lakini kijiji hakisamehe supu. Miaka sabini na kitu baadaye kaka yake Gobnait alikuwa bado anapigana gulioni kwa ajili ya neno hilo, na Gobnait mwenyewe kwenye dansi alikuwa akikaa ukutani mpaka taa zinazimwa, hakuna kijana aliyemnyooshea mkono. Ndiyo maana alijitosa vitani, miaka mitatu juu ya baiskeli mvuani na jumbe zimeshonewa kwenye kola. Siku alipoletwa jela ile Kamanda alimbusu kwenye paji la uso mbele ya wote, akamwita mdogo wangu. Gobnait alilala akiamini jina limeoshwa.

Siku ya saba yalipungua matonge mawili. Siku ya nane nusu ya kipande ilikuwa haipo, na askari jela, Bi. Tuohy, mwanamke aliyekuwa akikaanga nyama ya nguruwe chini ya madirisha yao makusudi, alikinyanyua kile kilichobaki akakizungusha koridoni kama mnadi wa mitumba. Akauliza kwa upole wa kinafiki kama binti wa chumba cha mwisho angependa na siagi.

Kamanda alikuja mwenyewe, akishika ukuta. Akamwomba Lil atoke, akakaa kitandani.

"Gobnait, mdogo wangu, sikulaumu," alisema kwa sauti ya chini. "Sema umekula, ukapumzike. Kinachonimaliza ni kutojua."

"Sijala, Kamanda."

"Mkate umeliwa."

"Umeliwa. Sijaula mimi."

"Basi nitajie aliyekula."

Gobnait akatazama kigoda. Chumba kile walilala wawili tu, yeye na Lil. Kumtaja Lil ingekuwa uongo, na kutaja kinywa kisicho na meno chenye mate ya kijani kungekuwa wazimu. Kamanda alingoja kwa muda ambao mwalimu humngojea mwanafunzi mzuri, kisha akainuka bila kumgusa.

Mlangoni Lil alikuwa amesikia yote. Wiki ya kwanza, wakiwa wamejifunika blanketi moja kwa baridi, Gobnait alikuwa amemnong'oneza habari za bibi yake, siri ambayo hajawahi kumwambia mtu mwingine duniani. Sasa Lil aliigawa kwa korido nzima.

"Muacheni jamani, anafuata nyayo za bibi yake. Kule ilikuwa supu, hapa mkate mkavu. Hata bei imeshuka."

Jioni ile Lil akahamishia godoro lake chumba cha jirani. Na kuanzia hapo wakamsusia.

Kususia ni kazi ambayo watu wetu wanaijua kuliko watu wote duniani. Tulikuwa tukiwasusia makabaila hadi wanakosa wa kuwakamulia ng'ombe. Hakuna aliyemtukana. Akiingia koridoni, mazungumzo yanakoma kama taa iliyopulizwa. Akikaribia moto, benchi linapata watu mpaka mwisho. Lakini kilichomkata maini ni rozari. Kila jioni walikuwa wakipiga magoti koridoni, na fungu la tatu lilikuwa la Gobnait kuliongoza, tangu siku aliyofika. Jioni ya siku ya tisa alivuta pumzi ili aanze, na sauti nyingine ikaanza kabla yake, pole kabisa, bila hata kumtazama, wengine wakaitikia. Alibaki amepiga magoti na mdomo wazi, ushanga wa tatu kati ya vidole.

Basi akawa peke yake, yeye na kigoda.

Siku ya kumi, saa kumi alasiri, Novemba inapokuwa imeshalamba mwanga na taa bado hazijawashwa, alisikia miguu. Haikuwa viatu vya askari. Ilikuwa miguu mitupu, mingi, inayosogea hatua moja kisha inasimama, hatua moja kisha inasimama, kama foleni, na kila inaposimama bati linagongana na bati. Foleni ile ilipita ndani ya ukuta wa chumba chake kana kwamba ukuta haukujengwa. Ikaingia harufu. Aliijua ingawa hakuwahi kuinusa, kwa jinsi ilivyosimuliwa kwao kila majira ya baridi: harufu tamu, nzito, ya shamba zima la viazi vilivyooza kwa usiku mmoja.

Kwanza aliona mkono tu, umeshika ukingo wa kigoda, ngozi juu ya mfupa bila kitu kati, halafu nyuma ya mkono likajikusanya umbo la mwanamke aliyejifunga gunia, si mzee, pengine hamzidi Gobnait kwa miaka mingi, ambaye uso wake wote ulikuwa umeota vinyweleo laini kama vya kifaranga, vile vinavyowaota watu ambao njaa imeshakula kila kitu kingine mwilini, na midomo yake na kidevu na hata ufizi usio na meno vilikuwa vimepakwa kijani cha majani aliyotafuna njiani, na akainama juu ya mkate akatia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna, akatafuna, huku koo lake likipanda na kushuka bila kumeza chochote, mpaka tonge lile likadondoka kupitia kidevuni kama maji yanavyopita kwenye kikapu, na hapo ndipo alipogeuza macho, akamtazama Gobnait, na sauti ikatoka kavu kama ganda.

"Nipe."

Gobnait alijibana ukutani. Alisema kitu pekee kilichokuwa kichwani mwake, kwamba hawezi, amekatazwa. Yule mwanamke akabaki amenyoosha mkono mpaka taa za koridoni zilipowashwa, na taa zilipowashwa pakawa na kigoda tu.

Usiku ule msichana yule alilia, na ukidhani ni kwa hofu umekosea nusu. Zilikuwa zimepita siku mbili kamili bila mtu kumsemesha, na wa kwanza kumsemesha alikuwa maiti.

Siku ya kumi na moja alikuja tena, saa ileile, na mkono wake safari hii ulipita kigoda ukafika kwenye ukingo wa kitanda. Akasema neno lilelile. Gobnait akajibu jibu lilelile, akiwa amefumba macho.

Padri wa jela alikuwa akipita Alhamisi. Maaskofu walikuwa wameshatangaza kwamba waasi hawapewi kitubio wala Komunyo mpaka watubu uasi, kwa hiyo akina mama wengi walikuwa wakimpa kisogo. Gobnait alimfuata, akamsimulia kwa kunong'ona, akamwomba aje tu na maji ya baraka. Padri hakuwa mtu mbaya. Aliingia chumbani, akanusa, na mimi nakuhakikishia aliinusa, kwa sababu alitoa ugoro akajipaka puani haraka. Kisha akasema asaini ile fomu kwanza, halafu ataungama, halafu atabariki chumba.

"Baba, nikisaini nitakuwa nyumbani. Chumba utakibariki kwa ajili ya nani?"

Padri akatazama kofia yake. Akasema atamwombea, akatoka.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikuwamo Mag Ruane akipiga deki. Huyo alikuwa kikongwe mwenye kiko kisichozimika, aliyezaliwa ndani ya nyumba ileile, akakua humo, akaajiriwa humo, mkali kama nyuki. Ilikuwa marufuku kwake kuongea na wafungwa, kwa hiyo aliongea na ndoo. Aliiambia ndoo kwamba chumba hiki, zamani, ndimo lilimokuwa dirisha la uji, pale kwenye ukuta nyuma ya kigoda ambapo matofali yana rangi nyingine. Foleni ilikuwa ikiishia hapo. Siku moja uji ulikwisha, dirisha likafungwa, na aliyekuwa mbele kabisa, bakuli mkononi, alikuwa mwanamke aliyetembea siku tatu.

"Anakuomba?" Mag aliuliza, akikamua tambara.

"Mara mbili sasa."

"Umempa?"

"Siwezi kugusa mkate, mama. Nikigusa nimekwisha."

Mag akavuta kiko. Akaieleza ndoo kwamba mwenye njaa wa namna ile hashibi kwa chakula cha kuachwa wala cha aliyeshiba. Askari wote wangemwekea mikate mpaka darini asingemeza. Anameza anachopewa mkono kwa mkono na mwenye njaa kama yeye. Na akinyimwa mara ya tatu haombi tena hapo. Anaondoka, anamwingia yule anayelala karibu zaidi.

"Mimi nimekwambia," aliiambia ndoo, akaibeba, akaenda zake.

Alasiri ile Gobnait alikaa kitandani na mkate mbele yake. Upande wa pili wa ukuta alisikia Lil akikohoa. Alijua sasa nini kitafuata. Alijua pia kwamba Bi. Tuohy amekaa kwenye tundu la mlango tangu saa tisa, jicho lake likionekana kama kifungo, akimngoja yeye anyooshe mkono. Foleni ikaja, hatua moja, bati, hatua moja, bati, ikaja harufu, akaja mwenyewe, na safari hii akapiga magoti kabisa, akaweka mkono ule mapajani mwa Gobnait, na baridi ikapenya sketi na ngozi ikaenda hadi kwenye uboho, na Gobnait akamwona kwa karibu, akaona kwamba chini ya vinyweleo vile kulikuwa na madoadoa ya jua kama ya dada zake wadogo, akaona kwamba kama angelikuwa na nyama usoni angelikuwa mzuri, na akili yake yote ikawa inasema mpe, na mikono yake ikawa imejishika yenyewe nyuma ya mgongo kama imefungwa, kwa sababu jicho lilikuwa tunduni, na Kerry kulikuwa na kaka mwenye pua iliyovunjwa mara mbili kwa ajili ya neno supu.

"Nipe."

"Nisamehe," Gobnait alisema. "Siwezi."

Yule mwanamke hakukasirika. Aliinuka kwa shida, kama mtu aliyezoea jibu hilo, akaingia ukutani upande wa Lil.

Siku ya kumi na tatu mkate haukuguswa. Chumba kilikuwa kimya, kikanuka chokaa na unyevu tu. Gobnait alingoja saa kumi, ikapita, akajikuta anasikiliza.

Siku ya kumi na nne farasi wangu alipoteza kiatu njiani, nikachelewa, nikafika saa ambayo akina mama wanatolewa uani kuota jua, kama jua letu la Novemba linastahili jina hilo. Kwa hiyo hili sikuliona kwa tundu. Nililiona nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko na trei ya mikate begani.

Walikuwa wanatembea wawili wawili wameshikana, polepole kama bibi harusi. Lil akajitoa kwenye mstari. Akaenda pembeni, pale nyasi zinapotokeza kati ya mawe, akapiga magoti akaanza kung'oa. Mwanzoni nilidhani anatafuta ua. Alikuwa anakula. Alijaza mdomo kwa mikono miwili, nyasi na udongo na mizizi, akatafuna, na koo lake likapanda na kushuka bila kumeza, huku machozi yakimtiririka, maana macho yalikuwa bado yake, Lil mwenyewe alikuwa ndani anatazama nje kama mtu aliyefungiwa chumbani. Wengine walikuwa wamempa mgongo, wanazunguka upande wa pili. Ikapita harufu ya viazi, farasi akarudi nyuma akatikisa hatamu zake.

Gobnait alikuwa wa mwisho, akitembea peke yake. Alisimama. Alimtazama Lil, akamtazama Kamanda mbali kule, akanitazama mimi. Halafu akaja. Sijui nguvu alizitoa wapi, lakini mkono wake ulipita hapa, chini ya sikio langu, ukanyakua mkate mzima kwenye trei.

Akapiga magoti mbele ya Lil, mgongo wake kwa uwanja wote. Akaumega. Bega la Lil lilikuwa limeinama upande mmoja, kama limebeba mtu, na kwa ukweli wa Mungu niliona juu ya bega lile kidevu kisicho cha Lil.

"Zamu yako imefika, mama," Gobnait alisema. "Mimi pia nina njaa. Chukua."

Akanyoosha kipande kwenye hewa, kipande kikatoka mkononi mwake. Akamega kingine. Akamega kingine, na kila kimoja kilikwenda, na baada ya kila kimoja nilisikia kitu ambacho sikukisikia tena maishani, sauti ya koo linalomeza kwa mara ya kwanza baada ya miaka sabini na sita. Alipofika kwenye ganda la mwisho harufu ilikatika, kama mlango umefungwa taratibu na mtu mstaarabu. Lil akatapika majani, akaanguka ubavuni, akalala usingizi wa mtoto.

Wanawake walikuwa wamegeuka. Sasa jiweke mahali pao uone walichokiona wao: mgongo wa Gobnait, mabega yake yakienda juu na chini, na mkate mzima ukipungua mpaka ukaisha.

Kamanda alifika anahema. Bi. Tuohy naye alifika, daftari mkononi, uso unang'aa kwa furaha.

"Fungua mikono," Kamanda alisema.

Gobnait akaifungua. Makombo.

"Nani amekula mkate huu?"

Lil alikuwa pale chini, kidevu chote kijani, makombo kifuani. Ilitosha Gobnait kusema nilimpa mwenye njaa, wangetazama chini na kumwelewa wanavyotaka, na daftari lingeandikwa Geraghty. Jina la Cremin lingesafishwa palepale, mbele ya mashahidi themanini.

"Mimi, Kamanda," alisema. "Nimekula mimi."

Kamanda alimgeuzia mgongo. Kisha akamwambia Bi. Tuohy, kwa sauti ya kusikika na wote, aandike kwamba Gobnait Cremin si mmoja wao tangu asubuhi ile, na kwamba wagomaji ni sabini na tisa na hakuna aliyekula. Akamfunika Lil kwa shali yake mwenyewe. Wakambeba ndani. Uani akabaki Gobnait, na mimi, na farasi.

Siku ya kumi na saba wakubwa walilegea. Barua zikaja kwa magunia. Walikunywa maziwa ya moto koridoni, wakaimba, wakasomeana barua mpaka sauti zikakauka. Gobnait alikuwa amehamishiwa chumba cha juu, upande wa pili. Fomu aliletewa mara tano, akakataa kuisaini mara tano, jambo ambalo hakuna aliyelihesabu upande wake. Chumba kile cha mwisho kilibaki bila mtu, na Mag Ruane aliniambia kwamba hakusikia tena bati humo, hata siku moja.

Walimwachia wiki moja kabla ya Krismasi, bila saini, kwa sababu waliona hana faida tena kwa yeyote. Mimi ndiye niliyempeleka stesheni. Na hapo langoni, nikiwa nimeshashika hatamu, Lil Geraghty alitoka mbio na shali mabegani, akamshika mkono, akamnong'oneza karibu na sikio.

"Alikuwa ndani yangu, nikaona kila kitu. Nitawaambia, dada. Nitawaambia wote, hata kwenu nitakwenda."

Wakakumbatiana, na Gobnait akapanda garini.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea, na niliyaona. Mate ya kijani ni kweli. Mkono juu ya kigoda ni kweli, na koo lililomeza nitaliapia mbele ya jaji. Jambo moja tu nimelitia mwenyewe, kwa sababu barabara ya stesheni ni ndefu, na njia nzima msichana yule alikuwa amekaa nyuma yangu juu ya magunia matupu, mikono magotini, na sikuweza kupata neno la kumwambia. Lil hakuja langoni. Alikuwa dirishani ghorofa ya juu na barua mkononi, na tulipopita chini yake alivuta pazia.